Bi Tarehe na Faili la Mengineyo

Sehemu ya Tisa

"Barua hii imeghushiwa."

Ndiyo, alisema. Wiki nzima wasomaji wamekuwa wakiniuliza kama kweli binti yetu alitamka maneno hayo mbele ya Mkurugenzi au nilikuwa natia chumvi. Sikutia. Mdomo uliponza kichwa siku ya Ijumaa, saa tisa kamili alasiri, katika chumba cha mikutano cha kiwanda cha sabuni, na kikombe cha kahawa cha Mkurugenzi kikabaki hewani kati ya meza na midomo yake.

Kwa wewe uliyefutia madirisha gazeti la wiki jana, nitakukumbusha haraka, maana Mkurugenzi hawezi kushika kikombe hewani siku nzima.

Bi Tarehe ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa historia. Jina hilo alipewa na wenzake chuoni kwa sababu hawezi kuona karatasi asiulize iliandikwa lini. Ukimpa picha ya harusi ya dada yako, anaigeuza nyuma kwanza. Alilelewa na shangazi yake mwenye saluni ya nywele, mwanamke wa miaka sabini ambaye bado anasimama tangu asubuhi mpaka jioni, na ambaye siku aliposikia mtoto anataka kusoma historia alisema neno moja tu lililobaki kuwa methali ya familia: "Watu waliokufa hawaajiri mtu."

Chuo nacho hakikumsaidia. Mshauri wa Ajira, bwana mmoja mpole mwenye ofisi chini ya ngazi, humpa kila mwanahistoria kikaratasi kilekile chenye orodha ya mambo anayoweza kufanya na shahada yake: ualimu, utunzaji wa nyaraka, makumbusho, uandishi wa habari, sheria (baada ya miaka mingine minne), na mstari wa mwisho, mengineyo. Wengi waliomtangulia Bi Tarehe wameishia kwenye mstari huo wa mwisho. Mmoja yuko kampuni ya bima, kazi yake kusoma visingizio vya watu walioungua nyumba na kuuliza nani alisema nini, lini, na kwa nini. Anasema hajawahi kufurahi hivyo maishani. Mimi mwenyewe ninayo shahada hiyohiyo, na unaona nilipofikia.

Shangazi akaweka sharti. Ikifika Ijumaa saa kumi jioni Bi Tarehe hana barua ya ajira mkononi, Jumatatu asubuhi anavaa aproni na kuanza kuosha vichwa saluni. Si kazi mbaya, nani alisema ni mbaya? Saluni hiyo ndiyo iliyomsomesha. Ila Bi Tarehe ana mkono wa hatari. Mteja wa mwisho aliyesukwa naye alivaa kitambaa kichwani mwezi mzima.

Ndipo kiwanda cha sabuni kikamchukua kwa majaribio ya wiki tatu. Kinatimiza miaka hamsini mwezi ujao na kilitaka mtu wa kukiandikia kitabu. Akifanya vizuri, angepewa kazi ya kudumu. Shangazi alipotajiwa jina la kiwanda alisema tu kazi ni kazi. Sabuni ya kiwanda hicho haijawahi kuingia nyumbani kwake wala saluni. Anasema inamwasha ngozi.

Haya. Saa tisa na dakika moja. Mkurugenzi akashusha kikombe.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Bi Tarehe. Mkurugenzi aliomba tu aelezwe, kwa upole, kwamba barua ya marehemu baba yake, iliyoning'inia mapokezi ndani ya fremu ya dhahabu kwa miaka thelathini na moja, barua inayotangaza kuanzishwa kwa kiwanda na ambayo ingekuwa ukurasa wa kwanza wa kitabu, imeghushiwa kwa namna gani.

Bi Tarehe akaeleza. Juu ya karatasi, chini ya nembo ya kampuni, palikuwa na namba ya simu yenye tarakimu sita. Barua ina tarehe ya miaka hamsini iliyopita. Yeye alikwenda stoo ya maktaba ya chuo, akapuliza vumbi, akafungua kitabu cha simu cha mwaka huo. Mji mzima ulikuwa na namba za tarakimu nne, kuanzia polisi mpaka meya. Tarakimu sita zilikuja miaka kumi na tano baadaye.

"Marehemu alitoa namba ya simu ambayo ilikuwa haijazaliwa," alimalizia.

Aliyekuwa wa kwanza kusema alikuwa mkuu wa matangazo, ambaye kiwandani wanamwita Bwana Kaulimbiu kwa sababu hawezi kuagiza hata kalamu bila kuitungia msemo. Alisema kalenda za jubilei zimeshachapishwa, na barua hiyo iko kwenye Januari. Akasema hakuna mnunuzi wa sabuni anayehesabu tarakimu. Kisha akamgeukia Bi Tarehe na kumfundisha kazi.

"Historia ya kampuni, binti, ni tangazo lililovaa miwani. Wewe tusimulie vita vya zamani. Ya sabuni tuachie."

Mkurugenzi alibonyeza kengele, akamwita Mama Faili.

Mama Faili ndiye katibu muhtasi, mwaka wake wa thelathini na nane hapo kiwandani. Funguo za makabati yote ziko kwenye kamba shingoni mwake, na inasemekana Mkurugenzi mwenyewe akitaka cheti chake cha kuzaliwa humwomba yeye. Aliingia, akaitazama barua bila hata kuvaa miwani.

"Hii niliipiga chapa mimi," alisema.

Bwana Kaulimbiu akakaa wima. Bi Tarehe naye akajua ameshinda. Msomaji wangu, usishangilie mapema.

Mama Faili akaeleza kwa sauti ileile anayosomea ratiba za mikutano. Miaka thelathini na moja iliyopita paa lilivuja, barua ya asili ikalowa ikaharibika. Mwanzilishi akamwambia aipige upya kwenye karatasi mpya ya nembo, aweke tarehe ileile ya zamani, naye akatia saini tena kwa mkono wake. Basi. Hakuna aliyeghushi kitu.

Bi Tarehe alielewa papo hapo alichokifanya.

Kosa alilolifanya hawezi kulifanya mtu mwingine ila mwanafunzi wa historia. Fundi bomba halifanyi. Mhasibu halifanyi. Alithibitisha kwamba karatasi ni changa kuliko tarehe yake, akarukia kusema maneno yaliyomo ni ya uongo. Lakini umri wa karatasi si umri wa maneno. Wosia wa babu yako ukinakiliwa leo asubuhi bado ni wosia wa babu yako. Mwaka wa kwanza chuoni wanakariri jambo hilo mpaka wanaliota, na yeye alilipata kwa alama za juu kabisa. Sasa ameiita nakala kuwa ghushi, mbele ya mtoto wa marehemu, saa moja kabla ya saa kumi.

Bwana Kaulimbiu alitabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Akashauri binti asindikizwe getini kabla hajagundua kwamba sabuni yenyewe nayo ni ya uongo.

"Umemwita baba yangu mwongo mbele ya watu," alisema Mkurugenzi.

Bi Tarehe akaomba radhi. Hakujitetea. Machozi yalikuwa karibu, na ukweli ni kwamba wakati huo hakuwa akililia kazi. Alikuwa akiona aibu. Alikuwa amefanya uzembe katika jambo pekee duniani analolijua.

Akaanza kukusanya daftari zake. Na ndipo akamkumbuka mhadhiri wake, bibi mmoja mkali ambaye hufundisha maswali matatu ya kuuliza waraka wowote: nani ameuandika, lini, na kwa nini. Swali la nne hulitaja mwishoni kabisa, akiwa ameshabeba mkoba, wanafunzi nusu wameshatoka mlangoni. Kimeachwa nini?

"Samahani mama," Bi Tarehe akasema. "Uliinakili yote?"

Mama Faili alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akatazama kikombe. Bwana Kaulimbiu akatazama simu yake, ambayo haikuwa imelia.

"Nilinakili nilichoambiwa ninakili," alisema Mama Faili.

Mkurugenzi akafunga kikao papo hapo. Wote watoke, isipokuwa mwanafunzi.

Wewe ulitarajia nini? Geti, bila shaka. Hata yeye alitarajia geti, na tayari alikuwa akijiuliza kama aproni ya saluni ingemtosha. Badala yake Mkurugenzi alimvutia kiti, akafungua mkoba wake wa ngozi na kutoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Barua ya ajira. Cheo, Mtunza Kumbukumbu. Mkataba wa miaka miwili, meza karibu na dirisha, na ufunguo wake mwenyewe. Ilikuwa imeshasainiwa upande wa kampuni.

Alisema wahasibu wake wanaona namba, lakini Bi Tarehe anaona namba na mwaka wake, na mtu mwenye macho ya namna hiyo ni afadhali awe ndani kuliko nje. Alimpaka mafuta vizuri sana. Kisha akaweka kidole kwenye kipengele cha nne.

Kipengele cha nne kilisema Mtunza Kumbukumbu hatatafuta, hataonyesha wala hatachapisha waraka wowote unaopingana na nyaraka rasmi za kampuni. Na nyaraka rasmi ni zipi? Ni barua ile iliyo kwenye fremu ya dhahabu.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro robo. Mkurugenzi akafungua kalamu, akaiweka juu ya meza.

Nakujua, msomaji. Hapo ulipo umeshasimama, unataka binti aitupe kalamu ile usoni pa Mkurugenzi. Ni rahisi kwako. Jumatatu huoshi kichwa cha mtu. Bi Tarehe alikisoma kipengele cha nne mara mbili na akakielewa barabara. Alifikiria miaka ya kuchekwa kwenye kila harusi na kila msiba, akiulizwa atafundisha marehemu gani. Alimfikiria shangazi, miguu yake iliyovimba, na jinsi angeishika barua hiyo kwa mikono miwili. Katika darasa la watu arobaini, angekuwa wa kwanza kupata ajira yenye neno kumbukumbu ndani yake.

Alisaini. Na kwa kuwa ni yeye, akaandika tarehe, na pembeni akaandika na saa.

Usiniletee barua za matusi. Mimi nasimulia tu.

Alitoka na barua yake kifuani, akajaribu kufurahi, furaha ikagoma kuja. Mwisho wa korido mlango wa stoo ya vifaa ulikuwa wazi kidogo. Kidole kikatokeza, kikamwita.

Mama Faili alimvuta ndani, katikati ya maboksi ya bahasha na wino wa mashine, akafunga mlango. Kisha akapiga magoti taratibu, goti moja baada ya jingine, akafungua droo ya chini kabisa ya kabati la mwisho. Alitoa faili lenye jalada la kijivu. Juu yake palikuwa pameandikwa neno moja kwa herufi kubwa: MENGINEYO. Bi Tarehe akakiona kikaratasi cha Mshauri wa Ajira mbele ya macho yake, na mstari wake wa mwisho.

"Paa halikuvuja," alisema Mama Faili. "Mzee aliniambia niichome. Mimi ni katibu muhtasi, mwanangu. Sichomi karatasi, ninaifaili."

Bi Tarehe alimuuliza kwa nini basi alikaa kimya miaka yote hiyo, na kwa nini dakika arobaini tu zilizopita alisema uongo pale mezani. Mama Faili akamjibu kwamba pale mezani alisema alichoagizwa kusema, kama alivyopiga chapa alichoagizwa kupiga. Lakini faili lilikuwapo. Waandishi watatu walishawahi kuja kuandika historia ya kampuni, wote wamevaa tai, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye jambo lolote isipokuwa kahawa iko wapi. Swali la leo amelisubiri tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Akampa karatasi.

Bi Tarehe alitazama namba ya simu kwanza. Msamehe, ndivyo alivyo. Tarakimu nne.

Halafu akasoma. Barua ya kwenye fremu inaanza hivi: "Mimi nimeanzisha kiwanda hiki." Hii iliyokuwa mkononi mwake, karatasi ya manjano, mikunjo imekaribia kukatika, ilianza hivi: "Sisi wawili tumeanzisha kiwanda hiki kwa hisa sawa. Mwenzangu ndiye mwenye ufundi wa sabuni, na mimi ndiye mwenye jengo."

Chini palikuwa na saini mbili. Ya kwanza ya Mwanzilishi, ndefu, yenye mkia. Ya pili ilikuwa ya mviringo, ya mtu aliyejifunza kuandika kwa bidii, na chini yake jina limepigwa chapa ili asiwepo wa kusema hakuliona.

Bi Tarehe alilisoma jina hilo. Akalisoma tena. Akakaa juu ya boksi la bahasha bila kuamua kukaa.

Jina hilo analiona kila siku tangu utotoni. Limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa saluni.

Nyumbani ilijulikana tu kwamba zamani, kabla ya saluni, shangazi alikuwa akifanya kazi kiwandani. Kiwanda gani, kazi gani, mpaka lini, hakuna aliyeuliza. Hata yeye, anayeuliza tarehe ya kila kipande cha karatasi kinachopita mbele yake, alikula miaka ishirini kwenye meza ya mwanamke huyo na hakuwahi kumuuliza swali moja. Hilo lilimuuma kuliko kosa la mkutanoni, na litaendelea kumuuma.

Simu yake ikalia. Saa kumi kamili. Shangazi hakosei dakika.

"Umepata kazi au nikupigie pasi aproni?"

"Nimepata, shangazi."

Shangazi akakohoa kikohozi cha mtu anayejizuia. Akasema hongera mwanangu, akasema Mungu mkubwa, akawatangazia wateja wote waliokuwa saluni, na mtu akapiga makofi. Bi Tarehe alisubiri makofi yaishe. Barua ya ajira ilikuwa mkono wa kulia, ile ya manjano mkono wa kushoto, simu ameibana kwa bega.

"Shangazi, kabla ya saluni ulikuwa unafanya kazi gani?"

Mashine ya kukaushia nywele iliyokuwa ikivuma nyuma ikazimwa.

"Nani amekupa hiyo barua?" shangazi akauliza.

Bi Tarehe hakuwa ametaja barua yoyote.

Akamweleza: stoo, droo ya chini, Mama Faili. Shangazi akauliza kama kweli yule msichana aliitunza, na Bi Tarehe akageuka kumtazama msichana mwenyewe, mwenye mvi kichwa kizima, akiwa ameegemea kabati na kushikilia funguo zake. Akajibu kwamba ndiyo, ameitunza, haina hata tone la maji.

"Umesaini kitu chao chochote?"

"Nimesaini. Robo saa iliyopita."

Shangazi alivuta pumzi. Bi Tarehe akajiandaa kwa matusi, na yalikuwa haki yake. Hayakuja.

"Na mimi nilisaini karatasi ya baba yake Mkurugenzi wako," shangazi alisema. "Aliniambia ni fomu ya likizo. Sikuisoma, kumbe naachia hisa zangu. Nikaenda likizo, niliporudi nikakuta geti lina mlinzi mpya. Mpaka leo, mwanangu, niko likizoni."

Kisha sauti ikabadilika, ikawa ile anayotumia kwa wateja wanaochelewa. Akamwamuru akae hapo hapo alipo, asimpe mtu karatasi hiyo, asimpe hata malaika. Yeye anakuja. Nyuma yake mteja alisikika akilalamika kwamba amesukwa upande mmoja tu, na shangazi akimjibu aende nyumbani na huo upande, mwingine atauona kesho.

Stoo ni ndogo na shangazi haongei kwa kunong'ona. Mama Faili alikuwa amesikia kila neno. Alifunga kabati, akajifuta magoti, akaweka nywele zake sawa kwenye kioo cha mlango. Mwisho wa korido mlango wa Mkurugenzi ulifunguka, viatu vikaanza kuja upande wao, na Bwana Kaulimbiu akasikika akiuliza mwanafunzi amekwenda wapi.

Mama Faili alitoka akawapita wote wawili bila kuwasalimu. Alikwenda mpaka mapokezi, chini ya fremu ya dhahabu, akamnyang'anya mlinzi kitabu cha wageni na kalamu. Mgeni alikuwa bado hajafika hata njia panda. Mama Faili akaandika jina kamili la shangazi, akaandika tarehe, akaandika saa. Kwenye safu ya mwisho, panapoulizwa sababu ya kuja, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini:

Amerudi kutoka likizo.